Wanataka nishike chenso iliyomkata mwenzangu

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Tegeta, Dar es Salaam. Nimeshamaliza mwaka kwenye kampuni ndogo inayotengeneza bustani na kukata miti kwenye nyumba za watu, kuanzia Mbezi Beach mpaka Masaki. Kazi nilitafutiwa na baba mdogo, na yeye ndiye msimamizi wetu. Tuko saba. Hakuna mwenye mkataba wa maandishi. Tunahesabiwa siku tulizofanya, halafu Jumamosi jioni hela inaingia kwenye simu. Mimi kazi yangu ni kufyeka, kupanda nyasi na kubeba matawi kupakia kwenye kirikuu. Napata 15,000 kwa siku. Anayeshika chenso, yaani msumeno wa injini, anapata 25,000.

Aliyekuwa anashika chenso ni rafiki yangu. Nitamwita Musa, ingawa si jina lake. Mwezi uliopita, baada ya mvua kubwa, tuliitwa kwenye nyumba moja ambako tawi kubwa la mwembe lilikuwa limevunjika na kulalia ukuta. Musa aliliangusha salama, wote tukashukuru, akaanza kulikatakata pale chini tupate kupakia. Nilikuwa hatua chache kutoka alipo, nakusanya vijiti. Nikasikia mlio wa mashine umebadilika, kugeuka naona imeruka juu imemrudia. Ilimkata paja la kushoto, juu kidogo ya goti. Alikuwa amevaa jinzi na raba.

Chenso yenyewe haina kile kikinga cheusi kinachokaa mbele ya mkono wa kushoto. Niliikuta hivyo. Fundi aliwahi kutuambia kuwa kilivunjika, na kwamba mashine inapiga kazi tu bila hicho. Hakuna kati yetu aliyefundishwa chenso. Musa alijifunza kwa kumtazama aliyemtangulia.

Tulimfunga na shati. Mmoja wetu akataka tumwagie majani ya chai, baba mdogo akakataa, tukampakia tukaondoka. Njiani baba mdogo akampigia bosi. Alipokata simu akatuambia tukifika hospitali tuseme Musa ameanguka na bodaboda. Musa mwenyewe aliitikia, maana alikuwa na maumivu na alitaka yaishe. Akashonwa, akalazwa siku tatu. Bosi alilipa bili yote, akampa na shilingi 100,000 mkononi.

Sasa ni wiki ya tano. Musa yuko nyumbani Boko na mke na mtoto mchanga, hapokei kitu. Anachechemea, na anasema kuna sehemu chini ya goti akiguswa hahisi. Wiki iliyopita bosi alimpelekea karatasi asaini kwamba ameshalipwa kila kitu na hana madai yoyote. Bado hajasaini. Ameniomba ushauri, na mimi sijui nimwambie nini.

Juu ya hilo, baba mdogo ameniambia kuanzia mwisho wa mwezi chenso nishike mimi. Ni ile ile. Anasema nina utulivu, nitaiweza. Mshauri, hiyo 25,000 kwa siku naihitaji, nina mdogo wangu nataka nimlipie VETA. Nikikataa atatafutwa mwingine, na baba mdogo ataonekana aliwaletea mtu mwoga. Mama yangu yuko Same, na mambo mengi anamtegemea huyo huyo baba mdogo.

Nishike? Na Musa asaini?

Kijana wa bustani, Tegeta

JIBU

Marahaba mwanangu. Umeuliza mambo mawili, lakini mimi naanza na la tatu ambalo umelipitia juu juu: mguu wa Musa.

Kabla ya safu hii nilikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, na vidonda vya chenso nimevifunga. Kisu hukata. Meno ya chenso huchana na kung'oa, kisha huacha ndani oili ya cheni, unga wa mbao na vipande vya gome. Unaweza kukishona kwa juu kikapendeza, kumbe chini yake kano imekatika nusu au mshipa wa fahamu umechanika. Daktari aliyempokea Musa aliambiwa bodaboda. Kwa hiyo alitafuta mchanga, michubuko ya lami, pengine mfupa uliovunjika. Hakuwa na sababu ya kuwaza unga wa mwembe ndani ya nyama ya paja. Uongo ule ulisemwa ili kumlinda bosi, lakini wa kwanza kuumia kwa uongo huo anaweza kuwa Musa.

Ganzi inayofika wiki ya tano si ya kusubiri iishe yenyewe. Mwambie akae kwenye kiti, anyanyue mguu aunyooshe goti mpaka mwisho, bila kuushika kwa mikono. Akishindwa, au mguu ukinyooka nusu na kuishia hapo, inawezekana kano ya mbele ya paja haikuunganishwa sawasawa, na hilo ni la daktari wa mifupa. Kama goti limevimba, lina joto, au anapata homa, asingoje hata kesho. Hata kama hayo yote hayapo, arudi hospitali wiki hii, na wewe uende naye. Mwambieni daktari kwa maneno ya wazi: alikatwa na chenso, akiwa kazini, tarehe fulani. Muombeni aandike hivyo kwenye faili, na aandike pia sehemu isiyohisi. Msiogope kwamba mtagombezwa. Daktari akishaelezwa ukweli, hata kovu atalisoma upya. Na muulizeni kuhusu fiziotherapia, kwa sababu goti lililokaa bila mazoezi baada ya jeraha kama hilo hukakamaa.

Sasa karatasi ya bosi. Asisaini.

Tanzania tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008. Mwajiri anatakiwa kujisajili na kuchangia, na anayechangia ni yeye peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Kiwango chake sasa ni nusu asilimia ya mshahara. Kwa mtu anayelipwa 25,000 kwa siku, hiyo ni shilingi 125. Nataka uisome tena hiyo namba, mwanangu, kwa sababu ndiyo hela ambayo bosi wenu ama aliilipa na sasa anaogopa usumbufu wa fomu, ama hakuilipa kabisa na ndiyo maana ilitafutwa bodaboda.

Mfanyakazi akiumia kazini, Mfuko hugharamia matibabu. Muda ambao hawezi kufanya kazi hulipwa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, mpaka miezi 24 ikibidi. Tuchukulie Musa alikuwa anafanya siku 24 kwa mwezi: kipato chake ni 600,000, na asilimia 70 ni 420,000 kila mwezi. Yeye amepewa 100,000 kwa wiki tano, na mtoto mchanga ndani. Ikija kuonekana mguu umebaki na ulemavu wa kudumu, daktari ataupima kwa asilimia. Ukiwa haujavuka asilimia 30 analipwa kwa mkupuo. Ukivuka, anapata pensheni ya kila mwezi. Kuna pia huduma ya utengamao, ya kumsaidia mtu kurudi kazini au kujifunza kazi nyingine inayomfaa. Hayo ndiyo mambo ambayo ile karatasi inamtaka ayaachie kwa laki moja. Haki hiyo imetolewa na sheria, na bosi hana uwezo wa kuifuta kwa karatasi aliyoichapa mwenyewe, lakini saini ya Musa itampa bosi kitu cha kumwonyesha kila atakayeuliza, na itamkatisha Musa tamaa ya kudai. Kama bosi anataka kumbukumbu ya hela aliyotoa, Musa amwandikie hivi: nimepokea shilingi 100,000 tarehe fulani. Asiongeze neno.

Taarifa ya ajali ina muda wake, na muda huo ni miezi 12. Wiki tano si kuchelewa, ila kila wiki inayopita kumbukumbu za watu zinafifia. Musa amwandikie bosi barua fupi ya kumjulisha kwamba aliumia kazini, abaki na nakala, na aipige picha. Bosi anatakiwa kuipeleka taarifa WCF. Asipoipeleka, Musa aende mwenyewe ofisi ya Mfuko, au atume mtu kwa niaba yake kama mguu haumruhusu. Kama kampuni haijasajiliwa, kutokujisajili ni kosa la mwajiri. Musa aende hivyo hivyo, aeleze.

Mtaambiwa, "Nyie vibarua, hamna mkataba." Najua wengi hurudia mlangoni kwa neno hilo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anahesabiwa kuwa mwajiriwa kama mazingira yake yanaonyesha hivyo: anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, anapewa vifaa na huyo mwingine, anamtegemea kwa kipato, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni chini ya wiki moja ya kazi yenu. Na nyie mnalipwa kwa simu. Kila Jumamosi kuna meseji yenye jina, tarehe na kiasi. Musa asifute hata moja, na wewe vile vile. Nendeni mkachukue taarifa ya miamala kama simu imebadilishwa. Meseji za baba mdogo za "kesho tunakutana Masaki saa moja" nazo mzitunze.

Nije kwako na chenso.

Nitakueleza kilichomtokea Musa, maana naona kwenu kimechukuliwa kama ajali ya bahati mbaya. Ule upanga wa chenso, yaani bapa la chuma ambalo cheni huzunguka, sehemu ya juu ya ncha yake ndiyo hatari kuliko zote. Cheni ikiwa inazunguka, sehemu hiyo ikigusa kitu kigumu, meno hung'ang'ania badala ya kukata, na nguvu yote ya injini inageuka kuusukuma upanga juu na nyuma, kumwelekea aliyeshika. Kwenye tawi lililolala chini hilo ni rahisi sana kutokea: unakata tawi unaloliona, kumbe ncha imelifikia lingine lililojificha kwa nyuma kwenye majani. Huo mlio uliousikia ukibadilika ni hapo. Yote huisha kabla mtu hajapata nafasi ya kukwepa. Cheni ya chenso hukimbia mita 20 kwa sekunde na zaidi, yaani kilomita 72 kwa saa, na hakuna mkono wa binadamu unaoiwahi.

Kwa hiyo watengenezaji hawakumtegemea binadamu. Tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakiweka breki ya cheni, na breki hiyo huwashwa na kile kikinga cheusi ambacho fundi wenu alisema si lazima. Watu hudhani kazi yake ni kuzuia vijiti visimpige mtu mkononi. La. Mashine ikiruka, kikinga husukumwa mbele, na mkono wa kushoto ukikigonga au hata mtikisiko wenyewe ukikirusha, breki inabana na cheni inasimama mara moja. Chenso ya Musa ilimfikia pajani cheni ikiwa bado inakimbia kwa sababu kitu cha kuisimamisha kilishatolewa. Fundi aliyesema inapiga kazi bila hicho alisema kweli kuhusu injini tu.

Na kwa nini paja la kushoto? Mkono wa kulia unashika nyuma kwenye moto, yaani kitufe cha kuongeza mwendo wa injini, wa kushoto unashika mbele, na mguu wa kushoto ndio unaotangulia wakati wa kukata. Uko njiani. Marekani, ambako hesabu za hospitali hukusanywa, kati ya 2009 na 2013 walikadiria majeruhi wa chenso zaidi ya 115,000 waliofika kwenye vyumba vya dharura, na sehemu zilizoongoza ni mikono na vidole, pamoja na goti. Musa amekatwa pale pale ambapo wengi hukatwa, na kwa sababu hiyo hiyo kuna suruali iliyotengenezwa kwa ajili ya mahali hapo. Ndani yake kuna matabaka ya nyuzi ndefu ngumu. Cheni ikigusa, nyuzi zinachomoka, zinajisokota kwenye gurudumu linaloendesha cheni na mashine inakwama. Jinzi haifanyi hivyo, hata ukivaa mbili. Aproni ya ngozi ya mchomeleaji haifanyi hivyo, wala gambuti la kawaida. Akikuletea mtu suruali nene ya rangi ya chungwa akasema ni ya chenso, tafuta lebo ya ndani: huwa na alama ya msumeno na namba ya daraja. Daraja la 1 limepimwa kwa cheni ya mita 20 kwa sekunde.

Jibu langu basi: chenso ile usiishike. Si mwisho wa mwezi, si kwa dakika tano za kumsaidia mtu, mpaka kikinga na breki virudi. Virudishwe na fundi anayezijua chenso, kwa vipuri vyake halisi. Mkaijaribu pale pale: mashine chini, mikono yote miwili imeishika, vuta moto, sukuma kikinga mbele kwa kifundo cha mkono. Cheni isiposimama papo hapo, mashine irudi kwa fundi.

Hata hapo utakuwa bado hujafika. Sitaki uje kuwa kama Musa, aliyejifunza kwa kumtazama mtu ambaye naye alimtazama mwingine. Chuo cha Viwanda vya Misitu, FITI, kiko Moshi, na kina kituo chake Mafinga, karibu na msitu wa Sao Hill. Huko kuna watu ambao kufundisha kukata miti ni kazi yao. Bosi ampeleke mtu mmoja, awe wewe, na huyo awe na haki ya kusema "leo hatukati". Suruali ya kinga, viatu vya chenso, kofia ngumu yenye wavu wa uso na vizuia kelele masikioni, na glovu: hivyo ni wajibu wa mwajiri kuvitoa, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Usikubali kukatwa hela ya kuvinunua kwenye 25,000 yako. Kelele ile uisikiayo ni zaidi ya desibeli 100. Usidharau masikio kwa sababu hayatoki damu. Na mtetemo wake, ukishika miaka na miaka, hutia vidole ganzi.

Kuna mambo ambayo nayaona kwenye mageti ya Dar na yananikosesha usingizi. Kijana juu ya ngazi ya mbao, chenso mkono mmoja, mkono wa pili ameshika tawi. Mwingine anawasha mashine huku anaiangusha hewani na kuvuta kamba. Mwingine anakata juu ya kichwa chake. Chenso hushikwa kwa mikono miwili, miguu ikiwa imara chini, na haipandi juu ya mabega. Inawashwa ikiwa imewekwa chini au imebanwa kati ya miguu, breki imefungwa. Mnaokusanya matawi mkae mbali na anayekata. Wewe ulikuwa hatua chache kutoka kwa Musa, na chenso ingeweza kukufuata wewe. Mti unaogusa waya wa umeme si kazi yenu kabisa, waiteni TANESCO. Na asikate mtu peke yake kwenye nyumba.

Na nyie wenye nyumba mnaonisoma, najua mpo. Mnaposhusha bei ya kukata mwembe mpaka fundi anakubali huku anatikisa kichwa, kuna kitu kinatolewa kwenye hiyo bei, na mara nyingi ni suruali. Kabla geti halijafunguliwa, ombeni kuona breki ya chenso ikifanya kazi na tazameni miguu ya anayekata. Kama kavaa kandambili, arudi kesho akiwa amevaa vizuri, na mmlipe kwa kuja kwake.

Kwenye kirikuu lenu iwepo pia sanduku la huduma ya kwanza. Mlifanya vyema kumfunga Musa haraka, na baba yako mdogo alifanya jambo jema kukataa majani ya chai. Siku nyingine ni hivi: kitambaa safi juu ya jeraha, bonyeza kwa nguvu kwa mikono yote miwili, usiinue kuchungulia. Kikilowa ongeza kingine juu yake. Damu ikiruka na haizuiliki, funga mkanda mpana kuzunguka mguu au mkono, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, pasipo kwenye kiungo, kaza mpaka damu isimame, andika saa uliyofunga, na usiufungue mpaka hospitali. Kidole kikikatika, kifungeni kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingizeni kwenye mfuko wa plastiki, ndipo mfuko muuweke juu ya barafu. Barafu isikiguse kidole chenyewe. Na muulize sindano ya pepopunda.

Nimebakiza baba yako mdogo, na nadhani huyu ndiye aliyekufanya uandike.

Simwoni kuwa mtu mbaya. Alikataa majani ya chai, aliwahisha hospitali. Ila amewekwa katikati: bosi yuko juu yake, nyie ni watoto wake. Na sidhani ameliona hili: aliyetoa maneno ya bodaboda mbele ya watu watano ni yeye. Siku mambo yakifika WCF au OSHA, bosi atasema, "Mimi sikuwepo, msimamizi ndiye aliyeniambia." Ukimpelekea hilo kama mtoto anayemjali, utakuwa umemheshimu kuliko ukinyamaza.

Usimwambie saiti, wala mbele ya wenzako. Nenda kwake jioni, Jumapili, ameshakula. Mwambie: "Baba, shikamoo. Kazi umenipa wewe na sijasahau. Chenso niko tayari kuifanya, lakini ile haina breki, ndiyo iliyomkata Musa, na mimi sijafundishwa. Naogopa nikikatwa mimi, wewe ndiye utakayempigia mama simu. Naomba tuitengeneze kwanza na nifundishwe, ndipo nishike. Na Musa naomba tumsaidie apate haki yake, kabla hawajasema bodaboda ni maneno yako." Kisha nyamaza, umpe nafasi. Akikasirika, usijibizane naye. Kama kuna shangazi au mzee anayesikilizwa na wote wawili, mpigie kabla hujaenda, akijue unachokwenda kusema. Mama naye umweleze mapema kwa mdomo wako, asije akalisikia likiwa limegeuzwa kuwa ukosefu wa adabu.

Inawezekana ukaambiwa usirudi kazini. Siwezi kukuahidi kwamba haitatokea. Ikitokea, lipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, ukiwa na zile meseji za malipo. Umeshapita miezi sita kazini, kwa hiyo sheria ya kuachishwa isivyo halali inakuhusu. Na hiyo tofauti ya 10,000 kwa siku ambayo ingemlipia mdogo wako VETA, nimeipigia hesabu pia: wiki tano za Musa bila kazi, kwa siku sita za wiki, ni 750,000 alizozikosa.

Usiku huu, kabla hujalala, andika kwenye daftari tarehe ya ajali, saa, mtaa, waliokuwepo, chenso ilivyokuwa, na maneno yaliyosemwa kwenye kirikuu. Saini, weka tarehe. Ipige picha ile chenso kabla haijatengenezwa, upande wa pale kikinga kilipokuwa. Kisha mpeleke Musa hospitali, na uniandikie daktari amesema nini kuhusu hiyo ganzi.